Dira ya simu juu ya bati: kisa cha apu ya mafundi dishi iliyokuwa inaomba kukalibretiwa muda wote

Kabla sijaanza, jina la apu, timu iliyoitengeneza na aina za simu nimeviondoa vyote. Mimi niliitwa kazi ikiwa katikati, tatizo limeshachosha watu, kwahiyo sehemu ya mwanzo nasimulia kutokana na logi (kumbukumbu zilizorekodiwa na apu) na meseji walizonionyesha wenyewe.

## Mazingira ya kisa

Kuna timu ndogo ya vijana walitengeneza apu ya Android kwa ajili ya mafundi wa madishi. Kazi yake simpo, unafungua, GPS inajua upo wapi, unachagua setilaiti, afu inakupa vitu viwili: pembe ya kuinua dishi na upande wa kuligeuzia, na kuna mshale kwenye skrini unaokuonyesha huo upande kwa kutumia dira ya simu. Mafundi wengi wana satfainda, ile mita inayolia ukikamata signali, ila satfainda haikuambii uanze kutafutia wapi, inakuambia tu ukishakaribia. Apu ilikuja kujaza hilo pengo.

Huku kwetu setilaiti mbili ndo zenye kazi nyingi, ya digrii 36 mashariki na ya digrii 7 mashariki. Ukiwa Dar es Salaam ile ya 36 ipo karibu na utosi, kimo chake (ile pembe ya kuinua) ni kama digrii 81 na upande ni kama 334 kutoka kaskazini. Ya 7 iko magharibi, upande wa 281 hivi na kimo cha 52. Hizo namba zikae kichwani maana ndo zilizokuja kufungua mlango baadaye.

Kuhusu dira: apu ilisoma sensa ya sumaku na aksilomita (sensa inayojua chini ni wapi), ikaviunganisha kwa `getRotationMatrix` na `getOrientation`, ikapata kaskazini. Kugundua kama dira inahitaji kukalibretiwa, yaani kurekebishwa ili isome sawa, walitegemea kitu kimoja tu, `onAccuracyChanged`. Android inarudisha hadhi ya sensa kwa namba, 0 haiaminiki, 1 chini, 2 kati, 3 juu. Ikija 0 au 1 apu inatoa kidirisha, "chora namba nane hewani na simu yako". Ndo ilivyoandikwa kwenye mifano mingi mtandaoni, na wao wakafuata hivyohivyo.

## Mambo yalivyokwenda

Malalamiko yalianza kwenye grupu la WhatsApp la mafundi. Meseji ya kwanza iliyohifadhiwa ni ya fundi mmoja mtu mzima, "Vijana wangu, mshale wenu unanipeleka kwenye mnazi wa jirani, setilaiti iko kule." Wengine wakamuunga mkono, ila kuna kundi likawa linashangaa, "mbona kwangu ipo fresh kabisa mkuu". Timu wakaanza kuhesabu nani analalamika, wakaona karibu wote ni wale wanaofunga madishi ya setilaiti ya 7. Wa 36 walikuwa kimya.

Hapo wakafanya kitu ambacho mtu yeyote angefanya, wakashuku hesabu ya ile setilaiti ya 7. Wakairudia kwa mkono, ikatoka ileile. Halafu mmoja wao akakumbuka kwamba sumaku haionyeshi kaskazini halisi, kuna ule mchepuko kati ya kaskazini ya sumaku na ya kijiografia, na kweli walikuwa hawajauweka. Wakauongeza kwa kutumia `GeomagneticField`, ambayo Android inayo ndani yake, inatumia modeli ya dunia ya sumaku inayotolewa upya kila miaka 5. Wakatoa toleo jipya wakiwa na furaha. Malalamiko hayakupungua hata kidogo, na hayakuwa na sababu ya kupungua, kwa Dar es Salaam mchepuko haufiki hata digrii tano wakati fundi analalamika mshale umepotea digrii 40.

Basi wakahamia kwenye kalibresheni. Wakasema labda kidirisha hakitoki vya kutosha, wakakifanya kitoke kila apu inapofunguliwa, na tena kila hadhi ikishuka. Hapo ndo mambo yakaharibika rasmi. Fundi yuko juu ya ngazi, mkono mmoja ameshika nguzo ya dishi, skrini inamwambia achore nane hewani. Anachora, kidirisha kinaondoka, baada ya muda mfupi kinarudi. Simu moja ilidondoka kutoka kwenye paa. Mwenye simu hakuongea sana kwenye grupu, aliandika tu "nimeifuta" na wengine wakaanza kumfuata. Binafsi naona hapo ndo kosa kubwa la kisa kizima lilipo, kubwa kuliko kosa lolote la kodi, kumwambia mtu aliye kwenye ngazi apunge mkono hewani.

Nilipoletwa nilianza na swali la wale wa 36, kwanini wao hawalalamiki wakati simu ni zilezile na mabati ni yaleyale? Jibu lipo kwenye kimo. Dishi likiangalia karibu utosini, ukikosea upande kwa digrii 40 bado hujaenda mbali angani, unakuwa umekosea kama digrii 6 tu, fundi anasogeza kidogo satfainda inalia. Dishi lenye kimo cha 52, kosa lilelile la 40 linakuwa kama 25 za angani, hapo unaweza kuzunguka mpaka jua linazama. Kwahiyo wale wa 36 nao mshale ulikuwa unawadanganya vilevile, ila walikuwa hawaoni. Hesabu ya setilaiti ikawa haina hatia, tukabaki na dira.

Tukaweka logi, kwa ridhaa ya mafundi waliokubali. Tulirekodi hadhi ya sensa, ukubwa wa uga wa sumaku (kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya x, y na z, ule urefu wa mshale wenyewe bila kujali umeelekea wapi), na kwenye simu zinazoruhusu tukarekodi pia `TYPE_MAGNETIC_FIELD_UNCALIBRATED`, ambayo inakupa namba sita, tatu za uga mbichi na tatu za makosa ambayo mfumo wenyewe wa simu umekisia kwamba yanatoka ndani ya simu.

Kwanini ukubwa? Kwa sababu uga wa dunia mahali ulipo unajulikana. Duniani kote unacheza kati ya maikrotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 25 na 65 hivi, London ni karibu 49, Dar es Salaam ni kama 33. Ukisimama Kariakoo ukageuza simu vyovyote unavyotaka, juu chini, kushoto kulia, x na y na z zitabadilika ila urefu lazima ubaki palepale kwenye 33. Huo urefu ukicheza, kuna kitu kinaingilia.

Logi zikatoa picha tatu.

Ya kwanza, fundi amesimama uwanjani, mbali na chuma chochote, anageuza simu, na ukubwa unapanda unashuka, 21, 30, 46, 38, unarudi 22. Hadhi ya sensa? 3. Yaani simu inajisifia iko safi kabisa huku namba zinapiga kelele. Tukamuuliza kuhusu kava, kumbe ana kile kibati cha kushikia simu kwenye kishikio cha sumaku cha kwenye gari, amekibandika nyuma ya kava, na kimeshapata usumaku chenyewe. Hiyo ndo hali ambayo kalibresheni imetengenezwa kuitibu, kosa linalotembea na simu.

Ya pili, fundi yuko kwenye paa la migongo mipana. Anageuza simu taratibu kiganjani, ukubwa umetulia vizuri kabisa, ila umetulia kwenye 50 na kitu badala ya 33. Akishuka chini unarudi 33. Simu haina tatizo lolote. Ni mabati, ni nguzo ya chuma, ni dishi lenyewe ambalo ni la chuma, na chini ya slabu ni nondo. Huyu hata akichora nane mpaka mkono uchoke hatapata kitu, maana kinachopindisha uga hakipo kwenye simu.

Ya tatu ndo iliyotuumiza kichwa. Fundi ameshuka, yuko uwanjani, hana kibati wala nini, na dira bado imepinda. Tukaangalia zile namba tatu za makosa ya kukisiwa, tukaona ziliruka ghafla alipokuwa juu ya paa. Mfumo wa simu unajikalibreti wenyewe chinichini muda wote simu ikitembea, sasa alipokuwa anachora nane juu ya bati (kwa sababu apu ilimwambia!) ukajifunza bati kana kwamba ni sehemu ya simu, akashuka nalo. Kidirisha chetu ndo kilikuwa kinaisababisha hiyo hali.

## Maamuzi, na kwanini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kuuliza swali moja, "dira ni nzuri au mbaya", tuanze kuuliza mawili: ni simu inaumwa au ni mahali panaumwa? Kwa sababu dawa ni tofauti kabisa. Simu ikiumwa unaikalibreti au unatoa kava. Mahali pakiumwa unahama.

Kutofautisha tulitumia mwendo wa ule ukubwa. Simu inazungushwa papo hapo na ukubwa unacheza, ni simu. Simu inazungushwa papo hapo, ukubwa umetulia ila uko mbali na ule wa modeli, ni mahali. Ukubwa unabadilika pale mtu anapotembea bila kugeuza simu, ni mahali pia. Kwahiyo ilibidi apu ijue simu inazungushwa au inasogezwa, na hapo jairoskopu, sensa inayopima simu imegeuka kiasi gani, inasaidia sana ukiwa nayo, kwa sababu jairoskopu haijali sumaku. Jairoskopu ikisema umegeuka digrii 90 na dira inasema 60, usimsikilize mwenye dira.

Tulichagua kuvumilia tofauti ya asilimia 25 na modeli. Kuna aliyetaka asilimia 10, tukakataa, sensa za simu za bei nafuu zina kelele, na kidirisha kinachotoka ovyo ndo kilichotufikisha pale. Lakini pia hatukutaka kulegeza sana, na sababu ni hii. Dar es Salaam uga wa sumaku haulali sambamba na ardhi, umeinama kwa digrii thelathini na kitu, kwahiyo kile kipande kinacholala ambacho dira ndo inakitumia ni kama maikrotesla 27. Ukiongeza uchafu wa maikrotesla 5 tu kutoka ubavuni mshale unapinda kama digrii 10. Wenzetu walioko Ulaya ya kaskazini wana shida zaidi, kule uga ni mkubwa ila umezama sana ardhini, kipande kinacholala ni kidogo, uchafu uleule unapindisha zaidi. Sisi huku tuna bahati kidogo kwenye hilo.

Ile pembe ya kuinama nayo tukaiingiza kwenye kipimo. Modeli inakupa pembe inayotakiwa, sensa ya sumaku ikishirikiana na aksilomita inakupa pembe iliyopo, zikipishana sana kuna kitu, hata kama ukubwa umekaa sawa kwa bahati.

Uamuzi wa pili, hadhi ya Android tusiitupe, ila tusiiamini ikisema vizuri. Ikisema 0 au 1, tunaikubali. Ikisema 3, ni kama mtoto aliyesema ameshaoga, unaenda kuangalia mwenyewe. Kingine ambacho watu wanasahau, `onAccuracyChanged` inaitwa hadhi inapobadilika, sasa kama umefungua apu na hadhi ni ileile tangu asubuhi unaweza kukaa unasubiri habari ambayo haitakuja, ndo maana tukawa tunasoma pia hadhi inayokuja ndani ya kila tukio la sensa. Na kwenye rotation vector (usomaji wa Android unaounganisha sensa kutoa mwelekeo wa simu) kuna namba ya tano, kadirio la kosa la mwelekeo kwa radiani, simu nyingine zinaijaza, nyingine zinarudisha -1 yaani hazijui. Ikiwepo tunaitumia kama shahidi wa ziada tu.

Uamuzi wa tatu ulipigiwa kelele kuliko yote na ndo ninaoupenda: dira isitumike juu ya paa kabisa. Mtiririko wa apu ukabadilishwa. Fundi anasimama uwanjani kwanza, hatua kadhaa mbali na gari na geti, apu inapima, ikiridhika inamwambia "angalia upande huu, chagua kitu cha mbali, mnara, mnazi, kona ya ghorofa". Anakishika kichwani au anakipiga picha. Akipanda juu analielekeza dishi kwenye kile kitu, simu iko mfukoni. Ukishakuwa juu apu ikiona ukubwa umekuwa wa ajabu haisemi chochote kuhusu kukalibreti, inafifisha mshale na kuandika "hapa kuna chuma, tumia alama yako". Waliopinga walisema mafundi hawatakubali hatua ya ziada. Hoja nzuri, ila mbadala wake ulikuwa kuendelea kuwadanganya.

Cha nne, jua. Apu inajua saa na inajua ulipo, kwahiyo inaweza kukokotoa jua liko upande gani bila kugusa sumaku, fundi anapanga simu na kivuli cha nguzo basi. Tuliiweka kwa ajili ya simu zisizo na sensa ya sumaku kabisa, na zipo nyingi, `getDefaultSensor` inarudisha tupu. Toleo la zamani kwenye simu hizo lilionyesha mshale umesimama tu, na kuna fundi alikuwa anaufuata hivyohivyo. Tukaufuta mshale kwenye simu za aina hiyo. Mbinu ya jua ina masharti yake, saa sita mchana kivuli ni kifupi hakisemi kitu, na mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua linapita utosini kabisa hapa Dar es Salaam. Asubuhi na jioni ndo muda wake.

Na kalibresheni yenyewe, pale inapohitajika kweli, tuliacha kuhesabu sekunde. Kuchora nane hakuna uchawi wowote, lengo ni simu ielekee pande nyingi tofauti ili zile nukta za x, y, z zitengeneze tufe, na kitovu cha tufe ndo kosa la kuondoa. Mtu akichora nane ndogo mbele ya kifua simu ikiwa imelala vilevile tufe halijai. Kwahiyo apu sasa inaonyesha pande zipi bado hazijafikiwa, na inakataa kuanza kama ukubwa unaonyesha umesimama kwenye chuma. Hilo la mwisho ndo lililoua ile picha ya tatu.

## Matokeo

Kidirisha cha kukalibreti kikawa kinatoka mara chache, na kikitoka kina sababu. Malalamiko ya "mshale unadanganya" yakapungua sana, yakaja mengine, "kwanini mnaniambia nishuke". Baadhi ya mafundi waliofuta apu walirudi, sio wote. Yule mtu mzima wa mnazi alirudi, akaandika kwamba alama ya mbali alikuwa anaitumia tangu enzi za madishi makubwa ya nyavu, sisi ndo tumechelewa.

Kilichowashangaza timu ni kava. Baada ya apu kuanza kusema wazi "kosa linatembea na simu, toa kava ujaribu tena", watu wengi wakagundua kava za kukunja zenye kifungo cha sumaku na vile vibati vya gari. Kwa hao hata kukalibreti hakukuhitajika, kuvua kava tu.

## Kilichofanya kazi na kilichofeli

Kilichofanya kazi zaidi ni kulinganisha na kitu cha nje, yaani modeli ya dunia. Hadhi ya sensa ni simu kujitathmini yenyewe, na simu iliyojifunza vibaya haijui kwamba imejifunza vibaya. Kwa wanaotengeneza iOS hali ni tofauti kidogo, `headingAccuracy` inakupa kosa kwa digrii na ikiwa hasi maana yake usomaji huo haufai, ila nako ningelinganisha na modeli vilevile.

Kilichofeli kwanza, kipimo chetu cha "zungusha papo hapo" kinadanganyika karibu sana na chuma. Mtu anageuka na mwili mzima, mkono umenyooka, simu inachora duara kubwa, upande mmoja iko karibu na nguzo upande mwingine iko mbali, ukubwa unacheza na apu inasema ni simu kumbe ni mahali. Tulibadilisha maelekezo, zungusha simu kiganjani usizunguke wewe, ikasaidia kiasi.

Pili, kuna kosa ambalo ukubwa na pembe ya kuinama vyote haviwezi kuliona: kitu cha chuma kikiuzungusha uga kushoto au kulia bila kuurefusha wala kuuinamisha, kila kipimo kinasema salama na mshale umepinda. Sio kawaida ila lipo, na hamna sensa ya sumaku itakayokuambia. Ndo maana jua tulilibakiza hata kwa wenye simu kamili, kama njia ya kuhakiki.

Tatu ni simu zisizo na jairoskopu, bado hatujazimaliza vizuri. Kwa sasa apu inamwomba mtu ailaze simu kwenye kitu kilichonyooka kisicho cha chuma, ukingo wa kigae au ubao, asome, aigeuze robo, asome tena, mpaka amalize mzunguko. Kila robo lazima itoe 90. Zikitoka mfano 70, 115, 105, 70 basi kosa lipo kwenye simu, hata kama ukuta wa jirani una nondo, kwa sababu mahali hapajabadilika, simu tu ndo imegeuka. Mafundi wengi wanairuka hiyo hatua, na toleo linalofuata linajaribu kuifupisha iwe misomo miwili, japo misomo miwili inaweza kupitiliza baadhi ya makosa.